Kiangazi cha Tangi la Sita

Jumatatu, 8 Januari

Leo nimeanza kazi kwenye kituo cha kutunza viumbe wa baharini. Mabomba ya maji ya bahari niliyafunga mimi mwenyewe zamani, kabla binti yangu hajaajiriwa pale, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunionyesha valvu ziko wapi. Mkuu wa kituo alinipa funguo mbili, ya chumba cha pampu na ya ukumbi wa matangi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ni mtu mwema. Tangu tumzike binti yangu amekuwa akinishika mkono hivyo hivyo.

Ukumbi una matangi ya kioo kando ya kuta mbili, na juu paa la bati lenye vipande vya plastiki vya kupitisha mwanga. Tangi la sita ndilo lililokuwa la binti yangu. Ndani yake kuna tumbawe moja tu, lenye matawi kama pembe, rangi ya asali, na ncha zake za zambarau. Alilileta mwaka wake wa kwanza kazini likiwa kipande cha urefu wa kidole gumba. Sasa lingejaza beseni la kufulia.

Nilisimama mbele yake mpaka akaja Mama Chumvi na ndoo. Huyu ndiye mtunzaji wa matangi, mwanamke wa makamo, na wanamwita hivyo kwa sababu hakuna maji yanayoingia mle kabla hajayapima chumvi. Aliniambia, "Usilikodolee macho hivyo, kaka, litaona haya."

Nikacheka kidogo. Nilikuwa sijacheka tangu Oktoba.

Jumatano, 10 Januari

Joto. Nimebadilisha mpira wa pampu ya pili.

Ijumaa, 12 Januari

Kumbe kila mnyama hapa ana mlezi wake. Jina la mlezi hubandikwa kwenye kioo, na mnyama hakatwi, hahamishwi wala hagawiwi bila neno la mlezi huyo. Jina la binti yangu bado lipo kwenye tangi la sita, ameliandika kwa mkono wake, herufi zimelala kulia kama zinasukumwa na upepo. Mkuu aliniuliza mbele ya wote kama nataka libandikwe langu. Nikasema jina libaki lake, ila neno liwe langu. Wakakubali. Mkuu akasema, "Hakuna atakayeligusa bila wewe, mzee wetu. Hiyo ni ahadi."

Mpiga mbizi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Yeye ndiye anayeshuka chini kukagua miamba na kusafisha mdomo wa bomba. Yeye pia ndiye angemwoa binti yangu mwezi wa Desemba, na ndiye aliyekuwa akiendesha pikipiki siku ile ya ajali iliyomuua. Alitoka na mguu uliovunjika. Sasa una chuma ndani, anachechemea.

Zamani aliniita baba. Leo aliponipisha mlangoni kasema, "Karibu, mzee."

Jumanne, 16 Januari

Kuna glavu za mpira zimetundikwa kwenye msumari juu ya sinki. Zilikuwa zake. Zimekaa pale tangu Oktoba, zimekauka na kukunjamana. Leo nilitaka kusafisha chujio, nikazivaa. Mimi mikono yangu haihitaji glavu, imeshakuwa kama gamba la mti. Nilizivaa kwa sababu zilikuwa zake.

Nilipotia mikono majini nilihisi kama nimeshika waya wa umeme kwenye viganja vya mikono na juu ya kifundo. Nikazivua na kuzitupa. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari myekundu, kama niliyechapwa na uzi wa moto.

Mama Chumvi alikuja mbio na chupa ya siki, akanimwagia. Aliziokota glavu kwa kibanio, akanionyesha nyuzi kavu zilizonata kwenye mpira hadi kwa ndani, nyembamba kuliko unywele. Ni minyiri, ile mikono-nyuzi ya konyeza, mnyama laini wa baharini anayewasha, aliyewahi kushikwa kwa glavu zile.

"Alishakufa zamani huyu," nikasema.

"Yeye amekufa, ila vishale vyake havina habari. Kila kimoja kimejikunja ndani ya kifuko chake kinangoja maji tu. Ukivilowesha, vinafyatuka." Akanimwagia tena. "Siki, kaka. Usije ukatumia maji ya bomba yasiyo na chumvi, hayo ndiyo yanavifyatua vilivyobaki. Liweke kichwani hilo."

Nimefika nyumbani mikono imevimba. Mke wangu aliitazama, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia ni glavu za mtoto. Alikaa kitako akazishika zile alama kwa ncha za vidole, moja moja.

Alhamisi, 25 Januari

Mama Chumvi ananifundisha akiwa anafanya kazi, hataki nimwangalie tu.

Anasema wote hawa ni ukoo mmoja. Konyeza wanaoelea, matumbawe, wale wanaofanana na maua yaliyonata jiweni, na wale wanaosimama mchangani kama manyoya ya kuandikia. Kwa macho ya mtu hakuna kinachofanana, ila wote wana vile vishale, na wote wana tundu moja tu. Chakula kinaingilia hapo, na uchafu unatokea hapo.

"Kama vyumba nilivyopanga ujanani," nikasema. "Mlango mmoja."

"Wewe angalau ulikuwa na mlango," akasema. "Mimi nililala kwenye korido."

Kwenye tangi la kumi kuna konyeza wanaolala chali sakafuni, minyiri juu, kama watu wanaota jua. Wana vimimea vidogo sana ndani ya mwili vinavyowapikia chakula kwa mwanga. Matumbawe nayo ni hivyo hivyo. Ile rangi ya asali siyo ya tumbawe lenyewe, ni ya hivyo vimimea. Binti yangu aliwahi kunieleza haya. Alikuwa akila amesimama jikoni kama kawaida yake, sahani mkononi, mdomo umejaa. Nikamwambia akae kwanza. Akasema, "Baba, nikikaa nasahau." Mimi nilishughulika na kukaa, sikusikiliza habari ya vimimea.

Mama Chumvi akaniambia pia yuko konyeza mdogo sana, mdogo kuliko kucha, ambaye akiumia au akizeeka hujikunja, akazama, akawa mtoto upya. Akaanza kunieleza inavyokuwa. Nikamwomba aniambie habari nyingine.

Akanitazama, akasema, "Samahani, kaka. Nilijisahau."

Jumapili, 28 Januari

Kanisani sikwenda. Nimelala.

Jumatatu, 5 Februari

Maji yanayoingia kutoka baharini yanazidi kupata joto. Nikiyashika bombani hayaburudishi mkono.

Mchana mpiga mbizi alinifuata chumba cha pampu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, naomba neno."

"Sema."

"Maji yanapanda joto. Huko nje kwenye mkondo, kule chini, bado ni ya baridi. Tangi la nne na la tisa tumeshakata vipande, nimevifunga kwenye kamba kule. Nilitaka na la sita."

"La sita lina nini?"

"Bado halina kitu. Ndiyo maana nasema sasa. Likikatwa likiwa na nguvu zake, linapona. Kipande ukikitoa ni lenyewe hilo hilo, halipungui."

"Kwa hiyo unataka kulivunja."

"Kulikata, mzee."

"Vya kwangu umeshavunja vya kutosha."

Alivaa kofia, akaondoka, na ule mguu ukikokota sarujini. Nilibaki nimeshika spana, sikumbuki nilikuwa nataka kufungua nini.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akichambua maharage.

"Umemwambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Yeye kakujibu nini?"

"Hakujibu."

"Angekujibu nini," akasema, akaendelea kuchambua.

Alhamisi, 8 Februari

Mama Chumvi naye kanijia. Nadhani wamemtuma.

"Kaka, hapa nimeona walezi wa kila namna. Sijaona anayemlinda mnyama asikatwe, wakati mnyama mwenyewe huko kwao hukatwa na dhoruba, kipande kikaanguka na kuota pengine."

"Basi ngoja dhoruba."

"Dhoruba ndiyo hii, tena haina upepo."

Sikubadili neno. Kila tawi la lile tumbawe limeota binti yangu akiliangalia. Alilipiga mswaki. Alilisogeza kidogo kila wiki ili mwanga uligonge sawasawa. Halijawahi kukatwa, na Mkuu aliniambia ndilo pekee mle ambalo halijawahi. Ni kitu kizima. Nataka kibaki kizima.

Jumanne, 13 Februari

Joto.

Jumatano, 14 Februari

Joto. Umeme ulikatika kwa muda wa saa moja hivi, pampu ya akiba ikakubali.

Jumamosi, 24 Februari

Nilirudi nyumbani mapema kwa sababu nilisahau miwani. Nikamkuta mpiga mbizi uani kwangu, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu umenyooshwa, anasugua sufuria. Mke wangu yuko kwenye kigoda anakata vitunguu. Hawakuwa wakizungumza. Aliponiona alisimama, akaosha mikono, akasema, "Shikamoo, mzee," akapita kando yangu akaenda zake.

Nilimuuliza mke wangu hii imeanza lini.

"Anakuja Jumamosi ukiwa haupo. Tangu msiba."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungemfukuza. Mtu anakuja, anakaa, ananisaidia vyombo, anaondoka. Hasemi kitu. Wewe ukija hapa unanigeuzia huo mgongo wako. Nimkatae kwa nini?"

Nilitafuta miwani. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Tumeishi pamoja miaka mingi na mke huyu. Nilidhani amenyamaza kwa sababu hana la kusema. Kumbe alikuwa akinyamaza na mtu mwingine.

Ijumaa, 1 Machi

Rangi ya asali imepungua. Nilidhani ni kioo kina uchafu, nikakisugua ndani na nje. Siyo kioo.

Jumamosi, 9 Machi

Leo asubuhi ni jeupe.

Lote, kuanzia chini hadi ncha. Jeupe kama sahani mpya. Ukilitazama upesi ni zuri, na hilo ndilo baya lake.

Mama Chumvi alisema halijafa. Tumbawe likizidiwa na joto huvitapika vile vimimea vyake. Nyama yake ni angavu kama ute wa yai, ukiiangalia unaona mfupa. "Lipo hai, ila halina anayelipikia. Lina njaa. Likipata maji baridi upesi, vimimea vinaweza kurudi. Yasipopatikana, linakufa na njaa."

"Tukilikata sasa?"

Alikitazama kipimajoto kwanza. "Sasa ni mgonjwa, kaka. Mgonjwa humpasui ovyo. Tulishe tuone."

Mpiga mbizi alikuwa akipita na mitungi yake ya hewa. Alisimama, akalitazama lile tumbawe kwa muda. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Akapita na mitungi yake. Afadhali angesema.

Jumatatu, 11 Machi

Ninalilisha. Unachukua bomba la sindano, unavuta uduvi wachanga, unafunika tangi kwa gunia ili giza liingie. Baada ya muda vinywa vinajitokeza, maelfu, kila kimoja kina minyiri midogo kama kope za mtoto. Unapuliza polepole. Ukipuliza kwa nguvu vinajifunga vyote.

Binti yangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja aliugua surua, akakataa kunyonya. Nilimlisha uji kwa kijiko cha chai, usiku na mchana, nusu kijiko, unangoja, nusu kijiko. Mkono wangu haujasahau.

Alhamisi, 14 Machi

Nimelisha.

Ijumaa, 15 Machi

Nimelisha. Vipande vya tangi la nne kule mkondoni bado vina rangi, kasema Mama Chumvi. Sikumuuliza.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelisha. Matawi ya juu vinywa havifunguki tena.

Jumatano, 20 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika polepole.

Tulipofika asubuhi bahari mbele ya kituo ilikuwa nzito. Sina neno lingine. Konyeza walikuwa wamejaa kutoka ufukweni hadi pale macho yanapoishia, weupe kama visahani, wamebanana, wanapumua wote pamoja. Mama Chumvi alisema hawa hawana sumu ya kutisha, joto na uchafu wa maji huwazalisha hivyo. Walikuwa wameanzia chini kwenye mawe kama vijimti, kila kijimti kikajikata visahani juu ya visahani, na kila kisahani kikaogelea kikawa konyeza. "Mmoja anakuwa kumi, kumi wanakuwa jumba zima," akasema.

Kabla hajamaliza nikasikia pampu inalia. Mlio ule naujua, ni pampu inayovuta na haipati. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa. Niliizima isiungue, na ya akiba nayo hivyo hivyo, maana zote zinavuta pale pale. Ukumbini maji yakasimama. Jua lilikuwa limeshapanda kwenye vile vipande vya plastiki vya paa. Nilikwenda na magunia nikayafunika matangi, la sita la kwanza. Kipimajoto chake kilipanda nikikiangalia.

Mpiga mbizi akasema anashuka. Mkuu alimwambia angoje wapungue. Akasema, "Wakipungua matangi yatakuwa supu." Akavaa vazi lake. Tangu aumie suruali ndefu ya kuogelea haipiti kwenye ule mguu wenye chuma, anavaa fupi. Magoti na mashavu ya miguu yalikuwa wazi. Wote tuliona, na hakuna aliyesema. Mimi niliona pia.

Alikaa chini muda. Tuliona mapovu, tukaona donge la konyeza linasukumwa kando. Pampu niliyokuwa nimeijaribu ikashika, ikavuta. Mama Chumvi akapiga makofi. Hapo ndipo mpiga mbizi alipochomoza, mikono inapiga maji ovyo, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

Tulimvuta kwenye ngazi, Mkuu na mimi. Miguuni alikuwa na minyiri imemzunguka, mirefu, ya rangi ya maji yenyewe. Kati ya wale weupe alikuwamo wa aina nyingine, mwenye umbo la boksi, haonekani majini. Huyo ana sumu, na wanasema hata macho anayo. Mkuu alikimbia kupiga simu, Mama Chumvi alikimbia ukumbini. Nilibaki naye mimi.

Pale kwenye ngazi kuna bomba la kuoshea miguu. Binti yangu alikuwa akiosha miguu pale kila jioni. Nililifungua nikavuta mpira nikaimwagia miguu yake maji, mengi, kwa nguvu, nikisema, "Pole, mwanangu, pole." Alipiga kelele akainua mgongo kutoka sarujini. Nikadhani maji hayatoshi, nikaongeza.

Mama Chumvi alinipokonya mpira. "Siki! Nilikuambia siki! Unamuua!" Alimmwagia chupa nzima, na ya pili, akangoja, ndipo akaanza kuitoa minyiri kwa kibanio.

Alikuwa ameniambia kweli. Aliniambia niliweke kichwani. Nimejiuliza tangu asubuhi kama nilisahau tu, au kuna kitu ndani yangu ambacho hakikusahau. Najibu nilisahau. Halafu najiuliza tena.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikwenda zahanati. Amelala kitanda cha dirishani, miguu imefungwa bendeji mpaka mapajani. Daktari anasema moyo wake uko salama, ila alama hazitaondoka.

Nilimwambia, "Jana nilikuzidishia maumivu."

"Ulinisaidia kutoka majini."

"Nilikuwa nimeambiwa siki."

"Mzee, mtu akipiga kelele vile kila kitu kinatoka kichwani." Akageuza uso dirishani. Muuguzi alipita na toroli la dawa, tukangoja apite.

Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Nilikuwa naenda kasi."

Nilijua anasema siku gani.

"Kila mtu ananiambia haikuwa kasi, lori ndilo lililokata kona vibaya. Polisi walisema hivyo. Mama yake naye aliniambia hivyo. Ilikuwa kasi. Yeye alinigonga begani akasema punguza. Nikasema tutachelewa."

Tangu Oktoba nilikuwa nikiyatafuta maneno hayo. Nilikuwa nimejiandalia ya kujibu, mengi, nayajua kwa moyo. Nilikaa nayo mdomoni. Hayakuwa na kazi tena. Aliyekuwa mbele yangu ni kijana mwenye miguu iliyofungwa bendeji, macho yamekauka, ananingoja nimpige.

"Alikugonga bega lipi?" nikauliza.

"La kushoto."

Nilikaa mpaka chakula chao kilipoletwa. Nikaondoka.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ile ya pampu tumbawe la tangi la sita liliungua kwa joto. Leo utelezi unadondoka kwenye matawi kama nta, na maji yananuka. Chini ya utelezi ni mfupa mtupu. Mama Chumvi alizima taa ya tangi ili nisione vizuri, nikaiwasha.

Jumatatu, 25 Machi

Mwani wa kijani umeanza kuota kwenye mfupa.

Ijumaa, 29 Machi

Mke wangu aliniuliza, "Limebaki?" Nikamwambia upande wa chini, penye kivuli, kuna nyama bado. Akauliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja.

"Basi mkikate hicho," akasema.

"Kikifa?"

"Kikikaa pale je?"

Jumanne, 2 Aprili

Mpiga mbizi ametoka zahanati, amekuja kwa magongo. Mkuu alisema mtu mwingine anaweza kukata. Nikasema nitakata mimi.

Walinipa koleo. Nilitia mikono kwenye tangi mpaka viwiko, Mama Chumvi akinimulikia. Unabana pale nyama inapoishia na mfupa mtupu unapoanza, unakaza mara moja. Sauti yake ni ya chaki inapovunjika ubaoni. Nilifikiri nitalia, sikulia, nilikuwa nahofia kubana vibaya.

Vilitoka vipande vichache, vyote vimepauka, vingine nyama yake haizidi ukucha. Mpiga mbizi alikaa kwenye stuli akavipaka gundi, akavibandika kwenye vigae vidogo. Vidole vyake ni vyepesi. Niliona anavishika kwa pembeni, asiguse nyama, na kila kimoja anakizungusha kidogo kabla ya kukibandika ili ncha ielekee juu.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Yeye."

Nilimpa kilichofuata.

Jumatano, 3 Aprili

Hawezi kushuka na miguu ile. Mkuu amemwazima mpiga mbizi wa bandarini, akavishusha vipande vyetu mkondoni. Wetu alikaa kwenye mashua akimwelekeza, na mimi nilikuwa na kasia. Alimkera yule wa bandarini kwa maagizo mpaka akamwambia, "Kaka, hivi ni vijiwe au ni mayai?"

"Ni mayai," nikamjibu mimi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mawingu, mvua bado.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilikuwa nyumbani leo. Mpiga mbizi alikuja na magongo yake. Tulikula watatu. Mke wangu alimwongezea chakula bila kumuuliza, kama alivyokuwa akifanya zamani. Kijana alikula amekaa, siyo kama binti yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua ya kwanza. Nimesafisha tangi la sita. Ule mfupa Mkuu aliniuliza kama nautaka nyumbani. Nilimwambia aupeleke wanakofundishia wanafunzi, waone ulivyokuwa mkubwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Daktari amemruhusu mpiga mbizi kuingia majini, ameshonewa suruali mpya iliyofunguliwa pembeni kwa zipu. Tulikwenda mashua moja, yeye, mimi na Mkuu. Mke wangu alitusindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakuwahi kufika kituoni tangu msiba. Alisimama na mwavuli karibu na lile bomba la kuoshea miguu, akakataa kurudi ndani.

Mpiga mbizi alishuka. Mvua ilikuwa ikigonga maji kila mahali, hatukuweza kuyaona mapovu yake. Mkuu alitaka kunishika mkono, nikamwachia.

Alipochomoza alishika ukingo wa mashua, akatoa mpira mdomoni, akapumua kwanza.

"Usinifiche," nikamwambia.

"Sikufichi, baba. Vimekufa. Kimebaki kimoja."

"Kikoje?"

"Kina rangi kidogo upande mmoja. Upande wa pili mwani umeanza kukila. Sijui kama kitafika Juni."

Nikamuuliza vya tangi la nne. Akasema vyote vipo, vimeshika. Hakunitazama alipokuwa akisema. Ningekubali Februari, vya kwetu vingekuwa vimeshika pia. Hilo nalijua, naye analijua, na nitakaa nalo.

Mkuu alifuta miwani yake iliyolowa. Akauliza kwa sauti ya chini aandike nani kuwa mlezi wa kile kipande. Nilimwonyesha kwa kidevu yule aliyekuwa majini. Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni, sikuweza kujua mvua ni ipi na machozi ni yapi.

"Baba," akasema, "kikikua..."

"Kikikua ukikate. Usije kuniuliza."

Alikaa kidogo akiwa ameshika ukingo. Kisha akachukua mswaki kutoka kwenye ndoo, akarudisha mpira mdomoni, akashuka kukisafisha.